Ustahimilivu: nani hasa anastahimili?

Nimelisikia tena wiki hii. Mtoa mada amesimama mbele ya wenye karakana na mashine za kukamua alizeti, watu ambao maji ya mvua yalishawaingilia hadi ndani, anafunga hotuba yake: "Ndugu zangu, tabianchi imebadilika, tuwe wastahimilivu." Makofi yakapigwa. Mimi nikameza mate.

Maana yenyewe ni fupi. Siku hizi wanaopanga miji ya viwanda huunganisha mambo matatu: kutoa hewa ukaa kidogo, kutumia maji, umeme na malighafi bila kufuja, na ustahimilivu, yaani uwezo wa mji kupigwa na mafuriko, ukame au joto kali na bado kazi ikaendelea, au ikarejea upesi. Mawili ya mwanzo watu huyakosea kwa namna isiyoniudhi. Hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi.

Stahimili tumelitoa kwenye Kiarabu, na shina lake ni la kubeba. Ndugu zake tunaishi nao: hamali, anayebeba mizigo ya watu, himili, kuchukua uzito, mhimili, ile nguzo inayoshika paa, ambayo leo tumeigawia Serikali, Bunge na Mahakama. Ukoo mzima ni wa mzigo na mbebaji. Na mzigo hupimwa. Hamali atakwambia anaweza gunia moja au mawili, na la tatu atalikataa mchana kweupe. Uvumilivu hauna mizani ya namna hiyo, ni jambo la moyo. Nguzo haina moyo wala subira. Ama inabeba, ama paa linashuka.

Najua kamusi zitamtetea mtoa mada, maana nyingi zinaeleza stahimili kwa neno vumilia, na wapo wanaosema "mstahimilivu hula mbivu" pale wengine tunaposema mvumilivu. Sawa, kwa habari za ndoa na mitihani. Lakini kwenye mipango ya mji, anayetakiwa kustahimili ni mfereji, tuta, daraja, nguzo ya umeme. Mwananchi akishaambiwa avumilie, ujue hivyo vingine vimeshashindwa.

Na sisi wa Dodoma tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji limetoka kwa tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope: idodomya. Sidhani kama tembo yule alipungukiwa na uvumilivu. Ardhi ndiyo haikumbeba. Vivyo hivyo mafuriko yalipoikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, abiria hawakuwa na kosa lolote la subira.

Tuchukue paa tu. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo ghala lenye paa la mita za mraba 1,000 linapokea zaidi ya lita 500,000 kwa mwaka. Januari maji hayo yanamwagwa uani kwa jirani. Septemba mwenye ghala huyo huyo anapiga simu boza lije, wakati maji ya bomba nayo yanavutwa kwa pampu za umeme kutoka visima virefu vya Mzakwe. Tangi na mfereji vikichorwa kwenye ramani kabla viwanja havijagawiwa, jirani anabaki mkavu, na maji na umeme vinaokolewa humo humo. Ndiyo maana yale mambo matatu hupangwa pamoja. Kuja baadaye na miche ya miti na fulana za kijani ni jambo jema, ila ni jambo jingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtoa mada, neno ulilichagua vizuri, ulichokosea ni mtenda. Ukirudi kikao kijacho, jaribu hivi: "Kalavati hili listahimili mvua kubwa kuliko ya mwaka huu." Halafu utuambie limepangiwa upana gani.