Kwa nini mchunguzi wa ndani anachukiwa kuliko TAKUKURU

Nasomesha sheria ya jinai madarasa ya jioni hapa Dar es Salaam, na kila mwaka safu za nyuma hujaa askari. Wanatoka lindo, wanatoka kaunta, wengine wanasinzia kabla sijamaliza kuita majina. Utafiti wangu mwenyewe unahusu namna jeshi linavyowachunguza watu wake, kwa hiyo chai ya mapumziko huwa nainywa nao. Jambo moja wananiambia karibu wote: TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaogopwa, lakini askari mwenzako aliyetumwa kukuchunguza anachukiwa.

Raia akisikia hivyo ana jibu lake tayari: anayechukia kuchunguzwa ana lake jambo. Wapo, tena si wachache. Trafiki aliyezoea kukusanya elfu mbili mbili za makonda hawezi kumpenda anayekuja kumuuliza, na mimi sina cha kumtetea. Lakini ukiishia hapo huwezi kunieleza kwa nini askari msafi, yule ambaye wenzake wanamcheka kwa kukataa hela ya soda, naye ananuna. Huyo ndiye ninayetaka tumwangalie.

Ofisa wa TAKUKURU ni mtu wa nje. Ana sheria yake ya mwaka 2007, anakuja na noti za mtego ambazo namba zake zimeshaandikwa pembeni, na ukinaswa umenaswa, hamjuani. Mchunguzi wa ndani mlikimbia naye mchakamchaka depo, kwenye chuo cha polisi, CCP Moshi. Anamjua mkeo kwa jina. Pengine mnakaa kota moja na watoto wenu wanapanda daladala moja kwenda shule. Sasa amekaa upande wa pili wa meza, anakuita kwa namba yako ya jeshi, na wewe unatakiwa kumpigia saluti kabla hujakaa. Kwenye kota hawamwiti mchunguzi. Wanamwita mnoko.

Halafu kuna suala la cheo, ambalo watu wa nje hulidharau. Raia akikamatwa anaonywa kwamba halazimiki kusema lolote. Ndiyo maana ya maelezo ya onyo. Koplo anayeagizwa na mrakibu aandike maelezo kuhusu tukio anaona yuko kwenye amri, na kukaidi amri ni kosa jingine. Kwa hiyo anaandika. Hofu yake ni kwamba karatasi ileile aliyoiandika kwa utii inaweza kumfuata hadi mahakamani. Marekani walilikuta tatizo hili mapema. Katika kesi ya Garrity dhidi ya New Jersey ya mwaka 1967, askari waliokuwa wakituhumiwa kuchezea tiketi za makosa ya barabarani waliambiwa wajibu maswali au wapoteze kazi. Mahakama ya Juu ikasema majibu yaliyopatikana kwa tishio la namna hiyo hayawezi kutumika kuwashtaki kijinai. Sijawahi kufundisha kesi ambayo safu za nyuma zimeinakili kwa bidii kama hiyo.

Na akifukuzwa, aende wapi? Mwalimu ana chama chake. Karani wa benki akiachishwa kazi anakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kesho yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewatoa polisi nje ya milango yake, pamoja na JWTZ, Magereza na JKT. Askari hana chama cha wafanyakazi wala hana CMA. Rufaa yake inapanda ngazi zilezile za amri zilizomhukumu. Wasomaji wa magazeti wameshazoea maneno “aliyekuwa askari”: mtu anashtakiwa kijeshi kwanza, anafukuzwa, kisha anapandishwa kizimbani akiwa raia. Mahakama ikimwachia huru, kurudi kazini ni habari nyingine kabisa. Na kota ni mali ya jeshi, kwa hiyo familia nayo inafungasha.

Lakini ukiniuliza chuki yenyewe inazaliwa wapi, nitakuelekeza kwenye kitabu cha mahabusu.

Jumamosi usiku, kituo chochote kando ya Barabara ya Morogoro. Wananchi wanamleta kijana wanayesema kaiba simu. Ameshapigwa, damu inamtoka kichwani. Kaunta ina askari mmoja. Anafungua RB ya kusajili tukio, anaandika PF3, fomu ya polisi ya matibabu, anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Gari liko doria, au lipo na halina mafuta. Kijana anapelekwa kwa bajaji, anashonwa, anarudishwa alfajiri. Mpelelezi anamchukua maelezo asubuhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na kuongeza muda kuna utaratibu wake. Inakubali pia kwamba baadhi ya muda, kama ule wa kumsafirisha mtu kwa ajili ya upelelezi, usihesabiwe. Ila mtu lazima aweze kuonyesha muda ulikwendaje. Yule askari wa kaunta hakuandika saa ya kuondoka wala saa ya kurudi. Alikuwa peke yake, na mlangoni walikuwapo wengine wanne wanaogombana juu ya nauli.

Miezi kadhaa baadaye kuna malalamiko, na mchunguzi anafungua kitabu akiwa ofisini, feni inazunguka, chai iko mezani. Anaona kuingia saa mbili usiku, maelezo saa tatu asubuhi. Anauliza: huu muda katikati alikuwa wapi? Anauliza sawasawa kabisa. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo ya onyo mengi kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda, na watu waliopaswa kujibu mashtaka wakaenda zao nyumbani. Askari naye anajibu kwa ukweli: hospitali. Imeandikwa wapi? Haijaandikwa. Mazungumzo yanaishia hapo, na kila mmoja anatoka akiwa na hakika kwamba mwenzake haelewi kazi. Hapo hakuna rushwa wala kipigo cha polisi. Kuna mtu aliyefanya la maana na akaacha kuandika, akihojiwa na mtu ambaye maandishi ndiyo kitu pekee anachoweza kukiona.

Maandishi yana upofu mwingine. Amri nyingi zinazozua matatizo huja kwa simu: mshikilie huyo, mwachie huyo. Simu haiingii kitabuni. Kalamu iliyoandika ni ya konstebo, mwandiko ni wa konstebo, kwa hiyo anayeitwa ni konstebo. Askari wana msemo wao, kwamba wavu unavua dagaa na papa anapita, na kwa jinsi ushahidi unavyokusanywa wana hoja hata pale ambapo mchunguzi hana upendeleo hata chembe. Siku hizi kuna na klipu. Video ya nusu dakika inasambaa WhatsApp mchana, na kabla ya jioni trafiki ameshaondolewa barabarani. Mchunguzi anayekuja baada ya hapo, hata awe mwadilifu namna gani, anaonekana amekuja kutafutia sababu uamuzi uliokwishafanyika.

Nikisema haya simaanishi uchunguzi ulegezwe. Wakazi wa jiji hili hawajasahau Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini na dereva wao wa teksi walipouawa kwenye msitu wa Pande, na maelezo ya polisi yakawa kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Ilibidi Rais Kikwete aunde tume ya Jaji Mussa Kipenka ndipo maelezo hayo yakaanguka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia polisi walioshtakiwa kwa mauaji hayo; miaka saba baadaye Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Mtu akiniambia polisi waachwe wajichunguze wenyewe kimyakimya, jibu langu ni kesi hiyo.

Kwingine wamejaribu kupambana na chuki hii kwa njia tofauti. Robert Mark alipochukua ukamishna wa polisi wa London mwaka 1972, aliunda kitengo kiitwacho A10 na kukipa malalamiko yote. Mamia ya maofisa waliacha kazi katika miaka yake, na wapelelezi wakongwe hawakumsamehe. New York tatizo lao lilikuwa kwamba hakuna mpelelezi mzuri aliyetaka kazi ya mnoko. Baada ya kashfa za mapema miaka ya 1990, kitengo cha ndani kilisukwa upya na kupewa haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa walioomba kazi za upelelezi, wapende wasipende. Huo ujanja naupenda. Mtu akijua mchunguzi wake hakuomba kuwa mchunguzi, na kwamba mwakani zamu inaweza kuwa yake, sumu inapungua.

Wakenya walikwenda mbali zaidi, wakaunda IPOA kwa sheria ya mwaka 2011, chombo cha kiraia nje ya polisi. Wanafunzi wangu raia wanaitaka hapa hata leo, na mimi naiunga mkono. Ila nawaambia wasitarajie askari wataipenda. Manung’uniko yatabadilika tu: badala ya “mwenzetu katuuza” yatakuwa “hawa hawajawahi kukesha kaunta, wanajua nini?” Chombo huru kinatibu mgongano wa masilahi. Chuki ina dawa nyingine.

Wanasaikolojia wa sheria, Tom Tyler akiwa mashuhuri zaidi, wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba watu huvumilia uamuzi unaowaumiza iwapo wamesikilizwa na wameelezwa sababu. Polisi nao ni watu. Kinachowachoma sana askari ninaozungumza nao si adhabu. Ni jalada lisilofungwa. Mtu anahojiwa mara moja, kisha kimya. Wenzake wanapanda cheo, yeye jina lake halisomwi, na akiuliza anaambiwa “suala lako liko juu”. Haambiwi kama tuhuma imekufa au inamsubiri.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye tume na vitengo vipya, mimi ningeanza na makaratasi mawili. La kwanza apewe siku anapoitwa, limwambie anatuhumiwa nini na maelezo yake yatatumika wapi. La pili apewe siku jalada linapofungwa, lenye sahihi ya mkubwa aliyelifunga. La pili ndilo litakalopata upinzani, kwa sababu anayesaini kwamba askari hana kosa atakuja kuulizwa yeye siku askari huyo akikosea kweli.