Kuendesha wasifu wa kivinjari kwa maombi ya HTTP: pa kuanzia

Mfumo wa mauzo ninaoutunza hapa Kisumu hutumiwa na watu wa aina tatu: muuzaji wa samaki aliye ufukweni Dunga, mhasibu na msimamizi. Kila toleo jipya sharti nilijaribu kwa akaunti zote tatu, na kule kutoka na kuingia tena kulinichosha hadi nikaamua kila akaunti iwe na wasifu wake wa kivinjari, ufunguliwe na programu badala ya mkono wangu.

Wasifu ni folda tu, yenye vidakuzi (data ndogo zinazoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia), historia, manenosiri na viendelezi. Anayelishika hilo mapema haoni API hii, yaani njia ya programu kukiamuru kivinjari kwa maombi ya HTTP, kuwa ngumu, kwa kuwa karibu kila ombi analotuma linahusu ni folda gani ifunguliwe na ifungwe lini.

Mimi hutumia ChromeDriver, programu inayopokea maombi hayo na kuiendesha Chrome, inayofuata itifaki ya WebDriver iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Ukiiwasha kwa --port=9515 husikiliza kwenye poti hiyo (namba ambako programu hupokea maombi), na kwa kawaida hupokea maombi ya kompyuta ileile tu. Iache hivyo, maana anayeifikia poti hiyo ameshika kivinjari ambacho tayari kimeingia kwenye akaunti zako. Hakikisha pia toleo lake kuu linalingana na la Chrome.

Tuma kwanza GET (ombi la kuuliza) kwa /status. Ukijibiwa kwamba "ready" ni true, tuma POST (ombi la kuunda) kwa /session pamoja na maelezo haya:

{"capabilities":{"alwaysMatch":{"goog:chromeOptions":{"args":["--user-data-dir=/home/kazi/wasifu/mhasibu"]}}}}

Jibu litakuja na sessionId, kitambulisho cha kikao, ambayo utaitaja katika kila ombi linalofuata, mpaka utakapokifunga kikao kwa DELETE. Usipotaja folda yoyote, ChromeDriver huunda wasifu wa muda na kuufuta kikao kinapokwisha, na hapo ndipo wanaoanza hushangaa kwa nini wanadaiwa nenosiri kila asubuhi. Usiielekeze kwenye folda ya Chrome unayotumia kila siku: tangu toleo la 136, la mwaka 2025, Chrome haikubali kuendeshwa kwa mbali kwenye folda hiyo ya kawaida, nami naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu wezi wa vidakuzi walikuwa wakiupitia mlango huohuo.

Kilichonisumbua zaidi ni kufuli, alama ambayo Chrome huiweka kwenye folda inayoitumia. Folda moja haifunguliwi na Chrome mbili kwa wakati mmoja. Ukijaribu, unajibiwa kwamba kikao hakikuundwa. Ijumaa moja, nikielekea nyumbani Vihiga, nilinakili folda ya mhasibu kwenye kompyuta mpakato wakati Chrome ya ofisini ingali wazi. Jioni kila ombi lilikataliwa, ingawa kwenye mpakato hapakuwa na Chrome yoyote inayoendeshwa. Nilipoiorodhesha folda kwa ls -l niliona kiungo kiitwacho SingletonLock kikielekeza kwenye jina la kompyuta ya ofisini, likifuatwa na namba ya mchakato. Kwenye Linux, kufuli iliyoachwa na mchakato uliokufa katika kompyuta ileile Chrome huiondoa yenyewe, lakini jina likiwa la kompyuta nyingine haina namna ya kujua kama mwenzake bado anafanya kazi, kwa hiyo hukataa. Nilikifuta kiungo hicho kwenye nakala, nikatuma POST upya, na sessionId ikarudi. Siku hizi hutuma DELETE kwanza, ndipo ninakili.