Kupima pampu ya oili ya Perkins AD3.152 kabla ya kuifunga

Trekta za Massey Ferguson 135 zilianza kuundwa katika miaka ya 1960, na nyingi bado zinalima Afrika Mashariki kwa nguvu ya injini ya Perkins AD3.152, yenye silinda tatu na ujazo wa takriban lita 2.5. Injini hizi zinapojengwa upya, mwenye trekta hukubali kununua pistoni, slivu na beringi mpya, lakini pampu ya oili husafishwa kwa dizeli na kurudishwa kwa sababu tu inazunguka vizuri mkononi. Sikubaliani kabisa na desturi hiyo. Pampu imefungwa kwenye kepu ya beringi kuu ya mbele, na huwezi kuifikia tena bila kushusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Ndani ya pampu mna rota mbili, yaani magurudumu yenye meno yanayosukuma oili, ya ndani ikiwa na meno pungufu kwa moja kuliko ya nje. Kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, tunapima nafasi kati ya rota hizo, kisha nafasi kati ya rota ya nje na bodi ya pampu, na kulinganisha na kitabu cha ufundi cha injini yenyewe.

Kipimo ninachokihangaikia zaidi ni cha tatu: nafasi kati ya uso wa rota na kifuniko, ambayo hupimwa kwa kulaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya bodi na kupenyeza fila chini yake. Oili inayovuja katika upenyo mwembamba huongezeka kwa mchemraba wa upana wake, kwa hiyo nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji hukaribia mara nane, presha na uzito wa oili vikiwa vilevile. Ndiyo maana pampu inayoonekana nzima hutoa presha nzuri asubuhi, kisha sindano ya geji ikashuka mchana, injini ikiwa ya moto, oili ikiwa nyepesi, na inazunguka polepole. Kuweka oili nzito zaidi huficha tatizo hilo tu, tena huchelewesha oili kufika kwenye beringi injini inapowashwa ikiwa baridi.

Kifuniko chenye mikwaruzo midogo hunyooshwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo kinene, lakini rota au bodi ikiwa imelika, nunua pampu nzima. Wakati wa kuunganisha, ukingo wa rota ya nje uliokatwa mshazari hutangulia kuingia kwenye bodi. Kagua pia oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya bomba la kuvutia oili, maana ikipitisha hewa, hata pampu mpya haitavuta vizuri.

Jaza pampu oili safi kabla ya kuifunga, kisha vuta kizimio cha injini na uizungushe kwa stata, kwa vipindi vifupi, hadi geji ipande, ndipo uruhusu dizeli iingie.