Kapteni wa Maryland aliyefika kwa Mutesa: wanayoyadhani watu kuhusu kuwatafuta maafisa wa vita vya Marekani

Charles Chaillé-Long si jina linalofundishwa sana hata kwao Marekani. Huku kwetu hutajwa kwa sentensi moja tu: Mmarekani aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1874, mwaka mmoja kabla ya Stanley. Lakini kabla ya hapo alipigana upande wa Muungano, yaani Kaskazini iliyobaki na serikali ya Washington, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, akamaliza akiwa kapteni wa askari wa kujitolea wa Maryland. Baadaye alikuwa afisa wa Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kisha mwanasheria, kisha mwanadiplomasia wa Marekani nchini Korea.

Maafisa wa aina yake ni wengi: wadogo kwa cheo, hawana sanamu mjini, na maisha yao yametawanyika katika nchi tatu nne. Anayeanza kuwatafuta huja na mambo aliyoyasikia huku na huko, na mengi kati ya hayo humpoteza njia.

“Faili lake lipo Washington. Ukilipata, umemaliza”

Faili lipo, ila si la namna watu wanavyolifikiria. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, kila askari wa kujitolea ana bahasha yenye kadi ndogo ndogo. Kadi hizo hazikuandikwa vitani. Ziliandikwa miaka mingi baadaye, hasa katika miaka ya 1890, chini ya Fred Ainsworth, daktari wa jeshi aliyeongoza Ofisi ya Kumbukumbu na Pensheni. Maelfu kwa maelfu ya wazee walikuwa wakidai pensheni, na kila dai lilimlazimu karani kufunua orodha kuukuu za vita ambazo zilikuwa zikichanika mikononi. Ainsworth akaamuru kila mstari unaomhusu mtu unakiliwe kwenye kadi yake mara moja, yaishe.

Kwa hiyo kadi inajibu maswali ya mhasibu. Alikuwepo siku ya kuhesabiwa au hakuwepo? Alilipwa hadi lini? Anadaiwa vifaa alivyopoteza? Usitegemee kukuta humo kama alikuwa jasiri, wala alisema nini alipoona wenzake wanaanguka. Hata mahali pa kuzaliwa huenda pasiwepo, maana maelezo ya umri, kimo na rangi ya macho yalichukuliwa hasa kwa askari wa kawaida walipoandikishwa, si kwa maafisa walioteuliwa. Nafuu ya afisa ni moja: mara nyingi bahasha yake ina barua alizoandika kwa mkono wake, kama vile maombi ya likizo, kujiuzulu, au cheti cha daktari kinachosema kuhara kumemmaliza. Usiikose.

Afisa wa jeshi la kudumu hana bahasha kama hiyo. Huyo atafutwe katika barua zilizopokelewa na ofisi ya Mkuu wa Utumishi wa Jeshi. Waliolalamika kwamba “hayumo” wakati mwingine walikuwa wanabisha mlango usio wake.

Halafu kuna jina. Hifadhidata ya majina inayotunzwa na idara ya mbuga na maeneo ya kihistoria ya taifa ya Marekani ina majina yapata milioni 6.3, wakati walioshika silaha pande zote mbili hawafiki hata karibu na hapo. Mtu mmoja anahesabiwa upya kila alipohamia kikosi kingine, na kila karani alipoliandika jina lake kwa namna yake. Wetu huyu mtafute kwenye Long, mtafute kwenye Chaille bila alama juu ya e, na mtafute kwa herufi za mwanzo peke yake.

“Rekodi zote ziliungua”

Hii inapendwa sana. Moto unaozungumziwa ni wa jengo la kumbukumbu za jeshi la St. Louis, Julai 1973, nao uliteketeza kumbukumbu za askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960, pamoja na baadhi za jeshi la anga. Vita vyetu viliisha 1865. Moto uliotuumiza kweli ni ule wa Januari 1921 ulioharibu sensa ya 1890. Hata hivyo orodha maalumu ya wapiganaji wa Muungano na wajane wao, iliyochukuliwa pamoja na sensa ile, ilisalimika kwa majimbo kuanzia sehemu ya Kentucky hadi mwisho wa alfabeti. Maryland imo.

“Kikosi kilipigana pale, basi naye alikuwa pale”

Hapa ndipo wasifu mwingi huharibika, na Chaillé-Long anaonyesha mtego wenyewe vizuri. Utasoma kwamba alikuwa wa Kikosi cha 11 cha Maryland na kwamba alipigana Gettysburg. Ukitulia kidogo unaona tarehe zinagombana: Gettysburg ni Julai 1863, na Kikosi cha 11 kiliundwa Juni 1864. Je, alidanganya?

La. Alianza katika kikosi kingine, Kikosi cha Kwanza cha Pwani ya Mashariki ya Maryland, huko kwao ambako ghuba ya Chesapeake inalitenga eneo hilo na sehemu nyingine ya jimbo. Mapema mwaka 1865 mabaki ya kikosi hicho yaliunganishwa na Kikosi cha 11, na jina la pili likalimeza la kwanza. Sasa angalia kosa linalofuata, ambalo ni baya zaidi. Mtafiti anafungua historia ya Kikosi cha 11, anakuta kilipigana Monocacy tarehe 9 Julai 1864, na anampeleka shujaa wake Monocacy. Hakuwa huko. Alikuwa bado kwenye kikosi chake cha awali.

Na si kwamba “Kikosi cha Kwanza cha Maryland” kilikuwa kimoja. Upande wa Muungano kulikuwa na cha kwanza cha kawaida, cha kwanza cha walinzi wa Potomac, na hicho cha kwanza cha Pwani ya Mashariki. Waliojitenga Kusini nao walikuwa na cha kwanza chao cha Maryland, kwa sababu jimbo liligawanyika nyumba kwa nyumba. Asubuhi ya 3 Julai 1863 vijana wa Pwani ya Mashariki waliingizwa kwenye mapigano ya mlima wa Culp's Hill, na miongoni mwa waliokuwa upande wa pili walikuwemo watu wa Maryland hiyo hiyo.

Bado hujathibitisha kuwa afisa wako mwenyewe alikuwepo. Orodha za mahudhurio zilifungwa kila miezi miwili: ya Mei na Juni ilifungwa tarehe 30 Juni, ya Julai na Agosti ikafungwa tarehe 31 Agosti. Gettysburg ilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai, yaani kati ya tarehe hizo mbili za kuhesabu. Neno “yupo” kwenye kadi zote mbili linaonyesha alikuwepo siku mbili za kuhesabiwa, basi. Kati ya hapo angeweza kuwa hospitalini, au ametumwa kununua farasi. Mimi huandika “kikosi chake kilipigana” mpaka nipate karatasi nyingine: ripoti ya kamanda inayomtaja, orodha ya majeruhi, au barua yake.

“Cheo alichoitwa ndicho alichokuwa nacho”

Marekani ya baada ya vita ilijaa majenerali. Zaidi ya 1,300 walipewa ubrigedia jenerali wa heshima tu, na wengi wao walipewa tarehe moja, 13 Machi 1865, ingawa kibali kilikuja baadaye. Custer, kamanda wa wapanda farasi, aliitwa jenerali hadi siku aliyouawa mwaka 1876, lakini mshahara wake ulikuwa wa luteni kanali. Ukanali wa Chaillé-Long, uliomfuata hadi kwenye majalada ya vitabu vyake, ulikuwa wa Misri. Marekani ilimpa ukapteni.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni pengo kati ya kuteuliwa na kuapishwa. Katika vikosi vya kujitolea gavana wa jimbo ndiye aliyetoa hati ya uteuzi, lakini serikali ya Washington ndiyo iliyomwingiza mtu kwenye cheo na kumlipa. Stephen Swails wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, Mmarekani mweusi, alijeruhiwa Olustee, Florida, Februari 1864. Gavana John Andrew akampa uluteni mwaka huo huo. Wizara ya Vita ikakataa kumwapisha kwa sababu ya asili yake ya Kiafrika, na akakaa hivyo hivyo, afisa kwa Boston, makao ya gavana, na sajenti kwa Washington, mpaka Januari 1865. Ukiuliza “alipandishwa lini?” utapata majibu mawili, na yote ni sahihi. Swails baadaye alikuwa seneta katika bunge la South Carolina, na jina lake limeanza kurudi midomoni miaka ya karibuni tu.

“Faili la pensheni ni la hesabu, halina habari”

Kinyume chake kabisa. Ningekuwa na ruhusa ya kuagiza karatasi moja tu, ningeagiza hili. Sheria ya 1862 ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba ulemavu wake ulitokana na utumishi. Ile ya 1890 ikalegeza, ikamkubali aliyetumikia siku 90, akaachishwa kwa heshima, na sasa hajiwezi kwa kazi za mikono. Mjane alilazimika kuthibitisha ndoa, na hapo ndipo familia ilipofunguka kama sanduku la bibi. Watu walichana kurasa za Biblia zenye tarehe za kuzaliwa watoto na kuzipeleka kwenye ofisi ya pensheni. Baadhi bado zimo ndani ya mafaili. Majirani walikula kiapo. Palipokuwa na mashaka, mkaguzi alitumwa hadi kijijini kuhoji: alikunywa pombe? alikuwa na mke mwingine? nani alimwona amebebwa? Utasikia watu wanaongea.

Angalizo moja. Hizo ni pensheni za Muungano. Aliyepigania Kusini kwa kawaida hakupata senti ya Washington kwa utumishi huo. Alilipwa, kama alilipwa, na jimbo alilokuwa akiishi uzeeni, ambalo huenda si lile alilopigania. Nyaraka zake ziko kwenye hifadhi ya jimbo hilo.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi. Jina lililoandikwa kwa kalamu nyuma ya picha si ushahidi wa sura, kwani mara nyingi liliandikwa na mjukuu. Lakini ukikuta stempu ya kodi imebandikwa hapo nyuma, picha iliuzwa kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, maana kodi hiyo haikudumu zaidi ya hapo.

“Yeye mwenyewe aliandika, tutafute nini tena?”

Chaillé-Long aliandika, na aliandika sana. Anasimulia jinsi alivyoingia Buganda juu ya farasi, na watu ambao hawajawahi kuona farasi wakadhani mtu na mnyama ni kiumbe kimoja. Huenda ni kweli. Kisha Mutesa akampa mitumbwi, akaingia ziwani kupitia ghuba iliyo karibu na Kampala ya leo. Akaona nchi kavu mbele yake, akaamini ndiyo ng'ambo, akatangaza kwamba ziwa lina upana wa maili 12 hadi 15. Alichokiona kilikuwa visiwa. Mvuvi yeyote wa Ssese angemweleza. Mwaka uliofuata Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, na hoja ikafa.

Lakini usimtupe mtu kwa kosa hilo. Akirudi kaskazini kwa mto Nile alipita ziwa ambalo Wazungu hawakuwa wameliweka kwenye ramani zao, Kyoga tunayoijua leo, na hapo alikuwa sahihi. Aliloliona kwa macho katika safari ya kazi linashikika kuliko alilolihitimisha.

Dai lake zito zaidi ni kwamba Mutesa alikubali kuwa chini ya Misri. Hili halipimwi kwa kitabu chake bali kwa vitendo vya Mutesa. Mwaka 1876 Gordon, Mwingereza aliyetawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, alipopeleka askari wa Misri zaidi ya mia moja Rubaga, makao ya Mutesa, Kabaka aliwabana hadi wakawa kama mateka wake, na Emin, daktari aliyemtumikia Gordon, ikabidi atumwe kwenda kuwatoa kwa maneno matamu. Mfalme aliyejisalimisha hafanyi hivyo.

“Ni Mmarekani, basi nyaraka zake ziko Marekani”

Oktoba 1875 meli za Misri zilitokea pwani yetu. Kamanda wake alikuwa Mwingereza McKillop Pasha, na Chaillé-Long aliongoza askari wa nchi kavu. Gordon alikuwa amechoshwa na njia ya Nile na alitaka lango la kuingilia maziwa makuu kutoka Bahari ya Hindi. Wakaingia Barawa na Kismayu, miji ya Sultani Barghash wa Zanzibar, wakapandisha bendera ya Khedive, na Kismayu wakaiita Port Ismail. Barghash akalalamika kwa Uingereza, London ikaibana Cairo, na kufikia mapema 1876 Wamisri wakawa wameondoka.

Mtafiti anayebaki Washington hataiona miezi hiyo ila kwa maneno ya Chaillé-Long mwenyewe. Barua za ubalozi wa Uingereza huko Zanzibar, wa wakati wa John Kirk, mwakilishi wake, zimo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, kwenye mfululizo wenye alama AA, na nyingine ziko London katika mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje namba FO 84. Anayekwenda Kilimani asianze na jina la Long, maana kapteni wetu alikuwa wa pili katika amri. Aanze na McKillop, Barawa na Kismayu, kuanzia Oktoba 1875 hadi mapema 1876, kisha asome barua moja moja akimtafuta “Mmarekani”.