Maswali na majibu: kukuza perisaiti kutoka kwa seli shina

Perisaiti ni nini, na zinamhusu vipi mwenye kisukari?

Ni seli zinazozunguka kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kwa nje. Huimarisha ukuta wa mshipa usivuje. Retina ya jicho inazo nyingi mno: karibu perisaiti moja kwa kila seli ya ukuta wa ndani wa mshipa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hizi ni miongoni mwa seli za mwanzo kufa. Kapilari hutunga vivimbe vidogo na kuvuja, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Seli shina zinapatikanaje?

Seli za ngozi au damu ya mtu mzima hurudishwa kwenye hali ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha njia hiyo kwa panya mwaka 2006, kwa binadamu 2007.

Hatua zenyewe?

Njia moja inayotumika sana: seli hutenganishwa, kisha hupandwa takriban 40,000 kwa kila sentimita ya mraba kwenye sahani iliyopakwa protini za kuzishikiza. Siku ya kwanza huwekewa kemikali ya Y-27632, maikromola 10. Bila hiyo seli zilizotenganishwa hufa kwa wingi. Kesho yake huwekwa kemikali ya CHIR99021 (CHIR), maikromola 8, pamoja na BMP4, protini ya kuzipa seli ishara, nanogramu 25 kwa mililita, kwa siku 3. Hapo huwa mesodermi, tabaka la seli changa linalozaa misuli na mishipa ya damu. Siku 2 zinazofuata hupewa protini nyingine mbili za ishara, PDGF-BB nanogramu 10 na aktivini A nanogramu 2 kwa mililita, kisha huhamishiwa kwenye jelatini na kuendelea na PDGF-BB peke yake, kwa nyuzi 37 na kabonidioksaidi asilimia 5.

Wapi huharibika?

Zikipandwa chache mno, CHIR huziua. Zikisongamana, baadhi hubaki seli shina, na seli hizo zikiingia mwilini zinaweza kuota uvimbe. Mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli za maabara, nayo haionekani kwa hadubini ya kawaida, na penisilini haiiui kwa kuwa haina ukuta wa seli. Lazima ipimwe, kwa mfano kwa PCR, kipimo cha kutafuta DNA yake.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kutangaza ushindi mapema. PDGFRβ na NG2, protini zinazotumika kama alama za perisaiti, hazitoshi kuzithibitisha, maana fibroblasti (seli za tishu unganishi) nazo hubeba PDGFRβ. CD31, alama ya seli za ukuta wa ndani wa mshipa, isiwepo, na seli zichanganywe na zile za ukuta wa ndani ndani ya jeli: je, zinauzunguka mshipa? Uvujaji unapungua?

Naweza kudungwa jichoni sasa?

Hapana. Perisaiti hizi kwa sasa ni za utafiti na majaribio ya dawa. Anayekuuzia sindano ya “seli shina” ya jicho mkatalie: Florida, Marekani, wagonjwa watatu waliodungwa seli za mafuta ya miili yao wenyewe waliharibikiwa vibaya na uoni, na taarifa ya kitabibu ilichapishwa 2017. Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe retina mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Aina ya 1, kuanzia ndani ya miaka 5 baada ya ugonjwa kuanza.