Bainbridge, destroya iliyoitwa kusaidia meli iliyokuwa ikija Mombasa

Kila tukifundisha usalama wa bahari kwa mabaharia na familia zao lazima mtu aulize kuhusu USS Bainbridge, manake lile tukio la 2009 lilihusu meli iliyokuwa njiani kuja Mombasa. Bainbridge ni manowari ya Marekani aina ya destroya, imejengwa Bath kule Maine, ikaingia kazini Novemba 2005, urefu wake mita 155 hivi na spidi inapita noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa. Mwisho wa karne ya 19 destroya zilitengenezwa kuzuia boti ndogo za torpido (makombora yanayopita majini) zisizamishe meli kubwa, siku hizi zinabeba makombora ya kutungulia ndege na ya kupiga nchi kavu, zinasindikiza, zinaokoa.

Sasa tarehe 8 Aprili 2009 maharamia wanne wa Kisomali wakaiparamia Maersk Alabama, meli ya kontena yenye mabaharia 20, ndani imebeba na chakula cha msaada. Mabaharia walipambana, wakamkamata hadi haramia mmoja, lakini mwishowe maharamia wakaondoka na nahodha Richard Phillips kwenye boti ya kujiokolea, ile iliyofunikwa juu. Bainbridge ikafika kesho yake. Watu wanauliza, manowari nzima inasumbuliwaje na boti isiyofika hata mita 10? Ni kwamba kombora halichagui nani mateka nani haramia, kwahiyo Kamanda Frank Castellano, mkuu wa Bainbridge, ikabidi aongee nao na asubiri, na kwa maoni yangu ule uvumilivu ndo ulimwokoa yule nahodha kuliko silaha zote zilizokuwepo pale. Boti ikaishiwa mafuta, bahari ikachafuka, maharamia wakakubali kuvutwa, na kamba ikawa inafupishwa polepole hadi wakabaki kama mita 30 tu nyuma ya meli. Tarehe 12 giza lilipoingia, makomando walenga shabaha wakafyatua kwa pamoja kutokea tezi, yaani nyuma ya Bainbridge, watatu wakafa, Phillips akatoka mzima. Wa nne, Abduwali Muse, alikuwa tayari ndani ya Bainbridge anatibiwa mkono, baadaye akafungwa Marekani miaka zaidi ya 33. Alabama yenyewe ilishatia nanga Mombasa siku moja kabla.

Hata jina la meli lina historia ya utekaji, imepewa jina la William Bainbridge, afisa wa jeshi la majini la Marekani, aliyekamatwa Tripoli, Libya ya leo, mwaka 1803 na mabaharia wake 300 na ushee, wakakaa kifungoni miezi kama 19.

Na kazi haikuishia Somalia. Juni 2019 meli ya mafuta Kokuka Courageous ilishambuliwa Ghuba ya Oman, mabaharia wake 21 wakaokolewa na tagi (meli ndogo ya kuvuta meli kubwa), halafu wakahamishiwa Bainbridge.