Jua Linawaka, Betri Imelala: Betri Ndogo ya Akiba kwenye Pikapu ya Kulala

Jumapili moja asubuhi nilipigiwa simu kutoka Tiwi. Alikuwa mwalimu mstaafu niliyemfungia sola kwenye pikapu yake yenye kibanda cha kulala nyuma: paneli ya wati 200 juu ya paa, kontrola ya kusimamia chaji kutoka paneli hadi betri, betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, friji ndogo, feni na taa.

"Fundi, jua linachoma hadi paa haligusiki, lakini umeme hakuna. Hata kontrola haiwaki."

"Mwalimu, umeegesha wapi?"

Tangu Ijumaa jioni alikuwa chini ya mwembe, na ndiyo kwanza amelitoa gari juani. Hapo nikaelewa. Betri haikufa, ililala, na kosa lilikuwa langu kwa kutomwekea betri ya akiba.

Piga hesabu uone. Friji ile hula wati 45 ikinguruma, na kwa joto letu la pwani hunguruma karibu nusu ya muda, yaani wati-saa 540 kwa siku. Feni ya wati 15 kwa saa kumi ni 150. Taa na simu, weka 60. Jumla ni 750. Betri yake ikijaa ina wati-saa 1,280 (ampea-saa 100 mara volti 12.8 za wastani), na chini ya mwembe paneli haileti cha maana. Usiku mbili na mchana mmoja zikamkausha.

Watu wengi hudhani betri ikiisha, ukiianika pikapu juani itajaa yenyewe. Kwa betri ya zamani ya risasi na asidi mara nyingi ndivyo, maana hata ikichoka hubakiwa na volti kadhaa. Lithiamu ina bodi ya ulinzi ndani yake. Seli zikishuka mno, bodi hukata njia, na ukiipima kwa mita unaweza kukuta volti sifuri. Nayo kontrola ya sola, nyingi kati ya hizi tunazofunga, huwashwa na betri, si na paneli. Isipoona betri haifanyi kazi. Basi betri inangoja chaji ili iamke, kontrola inangoja betri ili ichaji, na jua linapita bure.

Nikavuka feri ya Likoni na betri ndogo, waya na balbu ya taa ya mbele ya gari. Balbu hiyo ndiyo ninayotaka uikumbuke. Ukiunganisha betri iliyojaa moja kwa moja na iliyokauka, umeme hutiririka kwa nguvu na unaweza kuunguza waya au kuifanya bodi ikate tena; balbu huupunguza kasi. Nilizima vyombo vyote, nikachomoa paneli, nikaunganisha hasi kwa hasi, kisha chanya ya betri ndogo nikaipitisha kwenye fyuzi ya ampea 10, halafu kwenye balbu, ndipo ikaingia chanya ya betri kubwa. Balbu ikawaka wekundu hafifu: betri kubwa imeanza kupokea. Kontrola ikawaka. Nikarudisha paneli, chaji ikaanza kusoma, nikaitoa betri ndogo.

Siku hizi simkabidhi mteja pikapu ya kulala bila betri ya akiba. Napenda lithiamu ya ampea-saa 20. Ina wati-saa 256, inayotosha feni usiku mzima, taa na simu mbili. Friji haimo humo kabisa, hata mteja akinisihi; ukiiachia friji, kufika alfajiri huna akiba.

Usiifunge sambamba na betri kubwa, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi moja kwa moja. Zikiwa sambamba zinakuwa betri moja, zitaisha pamoja na kulala pamoja. Ipe njia yake, ichajiwe kupitia chaja ndogo ya volti 12 inayokula kwenye betri kubwa wakati kubwa imeshiba, na iwe na swichi na fyuzi zake. Ukiitumia usiku, ikishuka hadi volti 12.8 zima feni, ubakishe ya kuamshia kubwa. Wateja hulipinga hili kuliko lingine lolote, kwa sababu joto la usiku wa Machi si mchezo. Lakini akiba iliyolala haimwamshi mwenzake.

Pahali pa kuiweka ni chini ya kitanda, penye hewa, si darini karibu na paa wala karibu na injini, kwani joto hula umri wa betri. Chumvi ya bahari nayo hushambulia vichwa vya betri. Ukiona ukungu wa kijani, safisha, kaza, upake vaselini.

Mwalimu sasa ana yake. Balbu imefungwa kwenye waya wake tayari, fyuzi ipo, chanya nimeitia utepe mwekundu, na vyote vimo kwenye kikopo cha maziwa ya unga kando ya betri. Mwembe bado anaegesha chini yake, ila ameninunulia waya wa mita kumi ili nimtengenezee paneli ya pili ya kutandaza juani.